Jibu: Ondoa namba yako ya simu kwenye tangazo hilo la michango

Mwalimu, futa hiyo namba kabla hujalala. Umesema unafundisha sayansi katika sekondari ya kata huko Chamwino, unataka kuomba michango mtandaoni ili kidato cha pili wapate hadubini, na umeuliza namna ya kuandika tangazo linalovutia na kama fedha zije kwenye simu yako, kwa kuwa rafiki yako wa mjini amekwambia ndiyo njia ya haraka. Nianze na hilo la simu, maana mimi lilinitokea puani.

Aliyenishauri alijiita mtaalamu wa harambee, akadai kwamba wachangiaji wakiona akaunti ya shule hukimbia. Mchango wa kwanza mkubwa, Sh 150,000 kutoka kwa mhitimu wetu, uliingia usiku wakati nadaiwa mkopo wa simu, na deni likajikata kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Mtu aliyekusudia kununua vifaa vya maabara akawa amenilipia unga na mkaa! Nilirudisha fedha hiyo kutoka kwenye mshahara, lakini taarifa ya miamala haina safu ya nia njema. Zilizobaki zilichanganyika na zangu, makato ya kutoa yakazimega, na kikaoni mzazi mmoja akauliza, mbele ya mtendaji wa kata, kama hadubini ndizo zile nilizovaa miguuni. Viatu vile vilikuwa mitumba ya Sabasaba, naapa. Nikaandika barua ya kujieleza, na mtaalamu wangu hakupokea simu tena.

Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni. Mzazi akisikia leo kwamba mwalimu anapokea fedha kwa simu, hangoji kuambiwa ni hiari.

Fedha isipite mkononi mwako. Hata DonorsChoose, tovuti ya Marekani ya kuchangia shule, iliyoanzishwa mwaka 2000 na mwalimu Charles Best huko Bronx, haimkabidhi mwalimu taslimu, bali hununua kifaa alichoomba na kukipeleka shuleni, na sidhani kwamba walimu wa huko ni wadokozi kutuzidi.

Mwone mkuu wa shule, bodi ikae, muhtasari useme nani atapokea vifaa na nani ataviingiza kwenye leja, kisha tangazo libebe akaunti ya shule peke yake. Rafiki yako akilalamika kwamba unachelewa, mwombe aweke namba yake yeye.