Kwa nini Ibn Khaldun aliondolewa ukadhi mara kadhaa
Ndugu, uliuliza iwapo Ibn Khaldun aliondolewa ukadhi kwa kukosa elimu. La hasha. Mwanahistoria huyo mzaliwa wa Tunis aliteuliwa na Sultani Barquq wa Misri mwaka 1384 kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo, na kwa maelezo yake mwenyewe aliwaandama mashahidi wa uongo, waandishi wa hati za kughushi na watoa fatwa wasio na elimu, akakataa kupokea maombi ya wakubwa waliotaka kesi ziamuliwe kwa upendeleo. Ni wazi kwamba watu wa namna hiyo hawakosi maadui kwenye kasri. Wakati fitina zikichemka, meli iliyokuwa ikimletea familia yake ilizama, naye, kwa huzuni ambayo hata leo inagusa moyo, akatamani kuiacha kazi. Mwaka 1385 akauzuliwa.

Aliteuliwa mara 6 kwa jumla. Kati ya vipindi hivyo, mwanzoni mwa 1401, akiwa mzee wa karibu miaka 70, aliteremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa Damascus ili akazungumze na Timur, mtawala mshindi wa vita kutoka Asia ya Kati, aliyeuzingira mji. Alifariki mwaka 1406 akiwa bado kadhi.