Msiikimbilie Bisibisi: Kwa Mafundi Wapya

Juzi nilimkuta kijana wetu mwingine amekwisha kufungua skrubu zote za laptopu, akitafuta kwenye ubao mama ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupanda ndani ya BIOS (programu ya mipangilio ya mashine, inayotangulia Windows) robo saa kabla. Nilimnyang'anya bisibisi, nikakumbuka kwamba na mimi niliwahi kunyang'anywa, nikaona niwaandikieni.

1. Tofautisheni "haiwaki" na "haifunguki Windows". Feni ikizunguka na nembo ikitokea, mashine imewaka. Diski ya GPT (mtindo mpya wa kugawa diski) iliyozoea UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) mkiihamishia Legacy (njia ya zamani), mtaambiwa hakuna mfumo, ilhali mfumo upo pale pale ulipokuwa jana.

2. Pigeni picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kugusa chochote, na badilisheni kimoja kimoja.

Hili la pili nilifundishwa, nikaitikia, nikalipuuza. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu akitaka nimwekee Linux pembeni ya Windows. Kisakinishi hakikuiona diski kwa sababu ilikuwa katika RAID, nami nikaweka AHCI (hizo ni namna mbili za mashine kuwasiliana na diski) bila kuandika popote; Windows ikaanguka kwenye skrini ya bluu iliyoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kuirudisha RAID kungeyamaliza yote, lakini niliona aibu kurudi nyuma, nikazima na Secure Boot, ulinzi unaoruhusu mifumo iliyoidhinishwa tu kuwaka. Hapo BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, ikanidai ufunguo wa tarakimu 48. Badala ya kuiwasha tena Secure Boot na kunyamaza, nilikwenda nikaifuta TPM, chipu inayolinda ufunguo wa BitLocker, nikidhani ninaondoa kinachodai, na onyo lililotokea nililisoma nusu. Niliporudisha kila kitu mahali pake, dai lilibaki, kwa kuwa ufunguo uliohifadhiwa na chipu ile nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Nikampigia mwalimu simu. "Tarakimu zipi, fundi?" akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, kwa sababu aliinunua mashine ikiwa imetumika, na ufunguo ulibaki kwenye akaunti ya mtu asiyemjua. Alama za muhula mzima zilikuwa ndani ya diski nzima kabisa, isiyo na kasoro, ambayo hakuna aliyeweza kuisoma.

3. Kurudisha mipangilio ya kiwandani si dawa ya kila kitu: huenda kiwanda kiliweka RAID, na Windows iliyomo ikawa imesakinishwa kwa AHCI.

4. Skrini ikibaki nyeusi, chomoeni chaja na betri, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Ikikataa, toeni kwa muda betri ya CMOS (ile ndogo ya kwenye ubao mama, ya mipangilio ya BIOS), irudisheni, washeni mashine, kisha mngoje, maana mashine huipima RAM upya na yaweza kukaa gizani dakika kadhaa. Kijana wa juzi aliizima mara tano ndani ya dakika hizo hizo, kila mara akinihakikishia kwamba ubao umekufa. Ya sita nilimshika mkono, na nembo ikatokea. Bisibisi nilimrudishia ili afunge; alipomaliza, skrubu mbili zilikuwa bado mezani.