Mtoto anaogopa jua? Musikimbilie kusema amelogwa

Wamama wa Goma, mtoto akianza kufunga macho kila anapotolewa nje na uso ukijaa madoadoa meusi hata miaka miwili hajafikisha, musianze kubishana kama ni minyoo ao alerji ao jicho la mtu. Kwetu ilikuwa mtoto wa dada yangu mdogo, mweusi kama sisi wote, si albino, ndiyo maana jua halikuingia akilini mwa mtu yeyote.

Dokteri wa ngozi ndiye alitupatia jina, zeroderma pigmentosumu, kwa kifupi XP. Jua linaharibu DNA ya ngozi, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ya kila mtu, mimi na wewe, lakini ndani ya seli kuna mafundi wanakata kipande kilichoharibika wanaweka kipya, kama wale wa kuziba mashimo barabarani, ila hawa wanafanya kazi kweli. Kwa mwenye XP jeni moja ya hao mafundi ni mbovu, uharibifu unalundikana, na kabla ya miaka 20 hatari yake ya kansere ya ngozi inapita ya watoto wengine mara 10,000 hivi. Aliyeonyesha kwamba shida iko kwenye ukarabati huo ni James Cleaver, kule California, mwaka 1968.

Na mashemeji muache kutafuta mchawi upande wa mke. Jeni hiyo inatoka kwa baba NA mama, wao wenyewe wazima kabisa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Wala si ugonjwa wa wazungu tu, Komoro na Mayotte watoto weusi wenye XP wanajulikana vizuri.

Dawa ya kuiponya hakuna, kwa hiyo kazi yote ni kumficha jua. Nguo ya mikono mirefu, iinue mbele ya taa, ukiona mwanga unapenya haifai. Kofia pana, lineti zinazofunika mpaka pembeni. Mawingu yasikudanganye, tuko mita 1,500 hivi juu na karibu na ikweta, na vioo vya dirisha vya kawaida vinapitisha sehemu ya mionzi, basi darasani tuliomba akae mbali na dirisha. Masomo yakiisha saa sita anabaki ndani mpaka mtu amfuate, na bidoni ya maji akaichote jua likishazama, na kama wakubwa wapo waende wao. Krème ya jua bei yake ni kali, ukiipata paka, ukikosa nguo ndiyo ya kwanza, lakini zile krème za kujichubua zisimguse kabisa, zinaondoa hata kinga kidogo aliyo nayo. Vitamini D mwulize dokteri, juu mtoto asiyeona jua anaweza kupungukiwa.

Kila juma dada yangu anamkagua usoni, kope, midomo, na ncha ya ulimi, hiyo ya ulimi watu wanaisahau sana na kansere inaota hata pale. Kidonda kisichopona ao kinachotoka damu dokteri akikate kingali kidogo. Na masikio pia, juu kuna watoto wa XP wanaopoteza usikivu polepole.

Wengine mumeniuliza kama mupimwe jeni. Tofauti ndogondogo kwenye jeni za ukarabati, kama XPD na XRCC1, karibu kila mtu anazo, uzito wake ni mdogo na utafiti unapingana, kwa mtu mzima asiye na dalili mimi siwezi kutoa dola zangu pale. Afazali uangalie nyayo, viganja na chini ya kucha, juu kwetu weusi melanoma, aina kali ya kansere ya ngozi, inapenda kutokea pale ambapo hata jua halifiki. Doa jeusi linalokua kwenye kisigino, usimwache yule kijana wa verni alikwangue, peleka lopitali.