Wadogo zangu wa maabara, yurea sio chumvi

Leo tena nimemkuta mmoja wenu kashika tyubu nyekundu angavu anashangaa seli zake za damu zimeenda wapi. Zimepasuka, mdogo wangu. Nawapenda ila mnanizeesha, haya sikilizeni.

1. Kwenye osmosisi kinachohama ni maji, yanavuka utando wa seli kufuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Ukiniandikia "chumvi ilifanya osmosisi" nakata maksi.

2. Pampu ya kwenye utando wa seli: inatoa sodiamu 3 nje, inaingiza potasiamu 2 ndani, inatumia ATP 1 (nishati ya seli). Msigeuze.

3. Mkusanyiko wa vitu vilivyoyeyuka kulingana ndani na nje haimaanishi seli iko salama. Hapa ndo niliumbuka. Nilitengeneza yurea ya milimola 300 kwa lita, nikapiga hesabu, inalingana kabisa na ndani ya seli nyekundu, nikajiona profesa. Nikadondosha damu, nikatikisa, ukungu wa seli ukapotea palepale, yani unasoma maandishi yaliyo nyuma ya tyubu. Nikasema nimepima vibaya, nikapima upya, ikapasuka. Mara ya tatu nikamgeukia mwenzangu wa meza nikamwambia mbele ya watu kwamba haoshi tyubu vizuri, anaziacha na maji matupu, maskini akaenda kuziosha zote upya na kuzikausha na bado seli zikapasuka. Fundi wa maabara akaja taratibu akaniuliza swali moja tu, yurea inapita utando au haipiti? Kimya. Inapita bwana, tena haraka! Inaingia ndani inaikuta himoglobini na ayoni (chembe zenye chaji) ambazo hazina pa kwenda, jumla ya vitu ndani inazidi ya nje, maji yanafuata, seli inavimba mpaka inaachia. Chumvi ya 0.9% haifanyi hivyo kwa sababu sodiamu hata ikipenya kidogo pampu inaitoa, kwa hiyo ni kama imebaki nje. Mimi nilihesabu chembe ila sikuuliza nani ana ruhusa ya kuingia, na nilikuwa na notisi za utando unaochagua mezani kabisa, nimezipigia mstari kwa rangi mbili!

4. Seli ya mmea kwenye maji matupu haipasuki, ina ukuta, inakakamaa tu, kwa hiyo msiniletee "himolisisi (kupasuka kwa seli nyekundu) ya kitunguu" kwenye ripoti.

5. Andikeni majina kwenye tyubu kabla ya kuweka kitu. Yule mwenzangu nilimwomba radhi siku ileile, ila mpaka leo tukikutana ananipa mkono kwanza, halafu anauliza kama ameosha vizuri.