Maswali na Majibu: Falka Mpya Sawa, na Tundu la Zamani Je?

Wiki hii barua nyingi ni za falka, yaani tundu lenye kifuniko kwenye sitaha (sakafu ya juu ya chombo). Nadhani ni joto. Kaskazi imelegea, chumba cha omo, yaani cha mbele ya chombo, kimegeuka tanuri, na kila mwenye boti ndogo ya matanga anataka tundu pale anapolala.

Shikamoo fundi. Boti yangu ni ya faiba, futi 24. Nataka kuirudisha falka ya omo nyuma, karibu na mlingoti, niweze kusimama ndani. Msumeno wa umeme ninao. Nianzie wapi? (Kilifi)

Marahaba. Anza kwa kuuweka msumeno chini. Kukata tundu jipya ni kazi ya asubuhi moja. Kuziba la zamani ndiyo wiki nzima, na hilo hukuliuliza. Hakuna anayeuliza.

Mlingoti wako umesimama juu ya sitaha, au umepenya hadi kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo? Kama umekaa juu ya sitaha, kamba zikikazwa mzigo wote unashukia hapo unapotaka kutoboa. Basi usitoboe. Hata kama umepenya, ingia ndani kwanza, bandua dari, uone boriti na nyaya za umeme zinapita wapi. Mimi niliwahi kukata kwa vipimo vya juu tu, nikakata waya wa taa ya mlingoti. Mwenye boti alikuwa amesimama pale pale.

Kisha chukua sarafu ugonge sitaha kuizunguka falka ya zamani. Penye uzima panalia kavu, ko-ko-ko. Penye sauti ya kuzubaa pana maji: sitaha nyingi za faiba ni ngozi mbili za faiba na balsa, mbao nyepesi sana, katikati, na balsa iliyolowa huoza kimyakimya. Ing'oe yote hadi ufikie iliyo kavu.

Kuziba sasa. Kingo za tundu zichongwe mteremko wa 12 kwa 1. Ngozi ikiwa mm 4, mteremko ni karibu sentimita 5 kuzunguka pande zote. Watu huchonga sentimita 1, wanapaka rangi, halafu ufa unachora umbo la falka ileile waliyoiziba. Tumia gundi ya epoksi, maana ile ya poliesta haishiki vizuri juu ya faiba ya zamani. Epoksi ikikauka huacha utelezi kama nta. Uoshe kwa maji *kabla* ya kupiga msasa, la sivyo unausugulia ndani.

Na kwenye tundu jipya, kwangua balsa ya ukingoni kina cha sentimita 1 au 2, ujaze epoksi nzito. Pembe ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo mwanzo wa ufa.

Naweza kuziba la zamani kwa plaiwudi na silikoni?

Hapana. Na mwezi ujao jibu litakuwa hilohilo.

Bawaba zikae mbele au nyuma? (Tanga)

Mbele. Wimbi likipanda omo linaifunga falka badala ya kuing'oa. Najua zikikaa nyuma upepo unaingia vizuri ukiwa umetia nanga. Shona kitambaa cha kukinga upepo ukiingize ndani.

Mashua yangu ni ya mbao. Falka mpya inaangukia kwenye boriti, fundi anasema tuikate tu. (Pemba)

Hiyo "tu" ndiyo inayonitisha. Boriti inashika mbavu mbili za chombo zisiachane. Ikikatwa, kwanza ziwekwe mbao mbili za urefu, kutoka boriti ya mbele hadi ya nyuma, na vipande vilivyokatwa viungwe humo. Bila hivyo sitaha itacheza, na kalafati, pamba inayoziba kati ya mbao, itatoka yenyewe. Tena falka ikae katikati ya chombo, si ubavuni. Mashua ikilala kwa kusi, ubavu ndio unaokunywa maji kwanza.

Nikiweka falka ndogo si itavuja kidogo zaidi?

Falka huvuja kwa kufungwa vibaya, si kwa ukubwa. Jiko lako liko wapi? Kwenye boti nyingi ndogo liko kati ya kitanda na mlango. Likishika moto usiku, falka ndiyo njia yako pekee. Kiwango cha kimataifa cha njia ya kutokea, ikiwa ya duara, ni kipenyo kisichopungua sentimita 45. Jaribu kupita ukiwa umevaa jaketi la kuokolea, na kitasa kifunguke kwa ndani.

Kifuniko cha plastiki kimefifia. Nikisafishe kwa thina?

Ukiwa na hela ya kununua kingine.