Mwanangu, huyu siye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mngwa, ambaye wengine humwita nunda, ni mnyama wa kweli au ni wa kutishia watoto? Na ushahidi wake ni upi?" Jibu langu fupi ni kwamba sijaridhika. Refu ndilo hili. Mtanivumilia, maana nimekaa mahakama ya mwanzo miaka kumi na mmoja nikiwa mzee wa baraza, na huko nimezoea kusikiliza shauri mpaka mwisho kabla sijafungua mdomo.

Mimi nunda nilimjua kwa bibi yangu, Pangani, baada ya chakula cha usiku, taa imeteremshwa utambi ili mafuta yasiishe. Sultani Majinuni alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaenda kushtaki. Sultani akasema, paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akaendelea kula na kunenepa, akafika kwa watu, na bado Sultani anasema paka ni wake. Mpaka alipowaua wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba yao akakubali: huyu si paka tena, huyu ni nunda mla watu.

Kisha yule kijana wa mwisho, Mkaajikoni, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, akaingia mwituni kumsaka. Akaua mbwa, akamburura hadi nyumbani huku akiimba. Mama akachungulia, akamwitikia kwa wimbo: mwanangu, huyu siye. Akaleta fungo. Siye. Akaleta punda milia, twiga, kifaru, tembo. Siye, siye, siye. Bibi alikuwa akituimbisha sisi sehemu ya mama, na wadogo zangu walisinzia kabla ya kifaru.

Hadithi hiyo Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliiandika huko Unguja akaichapisha mwaka 1870, kwa hiyo si uzushi wa juzi. Na kwangu mimi yule mama anawashinda wote walioandika habari za mnyama huyu baadaye. Hakumuuliza mwanawe amelala porini siku ngapi, wala ameogopa kiasi gani. Aliutazama mzoga.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe, maana lenye uzito ni moja tu, la Lindi, 1922. Aliyelisimulia ni Mwingereza William Hichens, aliyekuwa hakimu pale. Anasema wachuuzi walikuwa wakiacha bidhaa zao sokoni usiku, na askari wakipokezana zamu ya kulinda, saa nne nne. Usiku mmoja askari wa kupokea zamu alimkosa mwenzake. Kumtafuta, akamkuta chini ya meza ya biashara, ameraruliwa vibaya, na mkononi amekamata fumba la nywele za kijivu. Asubuhi yake liwali wa mji, mzee wa Kiarabu mwenye heshima zake, akaja na watu wawili. Wakasema walipita sokoni usiku ule na kwa macho yao wakamwona paka mkubwa mno, mwenye mistari, akimrukia yule askari na kumwangusha. Liwali akaongeza kwamba nunda si simba wala si chui. Ni paka wa ukubwa wa punda, ana marakaraka kama paka wa nyumbani, na yeye liwali anakumbuka amewahi kufika mjini zaidi ya mara moja. Usiku uliofuata askari mwingine akauawa, na nywele kama zile zikapatikana tena. Wakatega mitego, wakaweka sumu, wapi. Nywele zikapelekwa kwa wataalamu, na jibu lililorudi likawa fupi: yaelekea ni paka.

Ukilisoma hivyo usiku, peke yako, utafunga dirisha. Mimi nililisoma mchana, na ya kwanza iliyonikwaza imo katika maneno ya Hichens mwenyewe. Kabla liwali hajatokea, yeye na afisa mwenzake walikwisha kuona kwamba ni kazi ya simba, na zile nywele aliziona kama zilizong'olewa shingoni mwa simba dume. Kilichofanya simba ageuke nunda si kielelezo kipya. Ni mashahidi wa asubuhi.

Na mashahidi hao walikuja pamoja, wakaingia pamoja, mkubwa wao akiwa mbele. Mahakamani kwetu shahidi hukaa nje mpaka zamu yake ifike, na hakatazwi kuingia kwa sababu ni mwongo. Ni kwamba mtu mkweli naye akisikia mwenzake anasema mistari, na yeye ataikumbuka mistari. Tena ilikuwa usiku, mji wa mwaka 1922, taa ya barabarani hakuna. Halafu kuna jambo ambalo sijaona mtu akiliuliza. Watu wawili wanamwona mwenzao anararuliwa na mnyama, wanakwenda zao, wanasubiri kuche ndipo wakaseme kwa liwali? Pwani hii mwizi wa kuku tu anapigiwa ukelele mtaa mzima ukaamka. Pengine hofu iliwaziba midomo, sikatai. Lakini ningependa wangeulizwa.

Nywele je? Leo hakuna anayeweza kuzitoa mbele ya watu. Kwetu kielelezo kikipotea, kesi huchechemea hata kama kila mtu mtaani anamjua mwizi. Siku hizi unywele mmoja ungemaliza ubishi kwa wiki moja maabara. Na hilo jibu la "paka" lisitubabaishe, kwa kuwa simba na chui nao ni wa jamii hiyo hiyo. Hichens mwenyewe aliichapisha habari hii katika jarida la Discovery mwezi Desemba 1937, miaka kumi na mitano baada ya tukio. Si mtu wa kupuuzwa. Ndiye aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na wapenzi wa ushairi tuna deni kwake. Lakini mtu aliyeishi na tungo zetu kiasi hicho alikuwa pia anajua hadithi nzuri akiiona.

Yeye ndiye pia aliyeleta hoja ya Fumo Liyongo. Anasema mngwa ametajwa katika wimbo wa Liyongo, mbali na simba, na wimbo huo akauweka karibu na mwaka 1150. Karne ya Liyongo ni vita vya wasomi hadi leo, wengine humsogeza mpaka miaka ya 1600. Hata tukimpa Hichens tarehe anayoitaka, tutakachopata ni kwamba neno ni la kale. Zimwi nalo ni neno la kale. Kuhusu maana, vitabu vya Kizungu husema mngwa maana yake ni "wa ajabu". Mimi nimezaliwa na Kiswahili na sijawahi kulisikia kwa maana hiyo. Masikio yangu yananiambia liko jirani na ngawa, ndugu yake fungo, lakini hiyo ni dhana ya mzee tu, msiipeleke mbali.

Basi askari wa Lindi waliuawa na nani? Mimi ningesema simba. Hichens anajitetea kwamba kwa miaka mingi simba alikuwa hajaingia mjini, lakini simba haombi kibali. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, na Lindi ni kati ya mikoa iliyoumia zaidi. Waliochunguza waligundua wanafuata nguruwe pori wanaoingia mashambani, na mkulima aliyelala dunguni kulinda mihogo yake anakuwa karibu kuliko nguruwe. Huko hawahitaji nunda.

Ingawa kuna jibu lingine baya zaidi. Singida, miaka ya 1940, watu walikutwa wameraruliwa, ikasemwa ni simba. Upelelezi ulipofika mwisho wauaji walikuwa binadamu, na wakahukumiwa. Walinzi wawili, usiku, sokoni penye mali za watu, na mji mzima una jina la mnyama tayari la kumbebesha damu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema ningekuwa kwenye baraza lile ningeuliza pia ni mali gani iliyopotea.

Shahidi mwingine ni mwindaji Patrick Bowen, aliyesema amefuata nyayo za mngwa: umbo la chui, ukubwa wa simba mkubwa kuliko wote, na nywele zenye michirizi. Hapa naomba mniruhusu nitoke Lindi nije Mwambani, nje kidogo ya Tanga, ninakoishi.

Mwaka juzi, masika, jirani yangu alipoteza bata. Wa kwanza, wa tatu, wa sita. Asubuhi moja akaja kunigongea. Nyuma ya banda, kwenye tope, palikuwa na nyayo, na kwenye sengenge palinasa nywele, kijivu na nyeusi zimechanganyika. Mama yake jirani, ajuza ambaye macho bado anayo, akazitazama akasema neno moja: nunda. Wewe cheka, lakini ndani ya saa moja watoto wa mtaa mzima walikuwa hawataki kwenda kisimani.

Mimi nilichukua kiberiti mfukoni nikakilaza juu ya unyayo. Ulikuwa mwembamba kuliko kiberiti. Mchana, baada ya mvua kupiga na jua kutoka, nikarudi nikapima ule ule. Kingo zilikuwa zimebomoka na tope limejitanua, na kiberiti kilikuwa kinacheza ndani. Nusu siku tu. Laiti ningefika mchana ndiyo mara yangu ya kwanza, ningewaambia ni mnyama mkubwa, na ningeapa. Kisha nikachutama zaidi nikaona ncha za kucha mbele ya vidole. Paka akitembea hufutika kucha zake. Tangu siku hiyo sifa ya "nyayo kubwa kuliko zote" hainisisimui.

Nisiwe dhalimu kwa upande wa pili, maana wana hoja moja nzuri. Huko Zimbabwe watu walikuwa wakisema kuna mnyama kama mchanganyiko wa chui na fisi. Wazungu wakacheka. Mwaka 1926 ngozi ikaletwa: duma, lakini badala ya madoa ana mabaka yaliyoungana na mistari mirefu mgongoni. Mwaka uliofuata Pocock, mtaalamu wa wanyama wa London, akampa jina la spishi mpya. Kumbe wenyeji walikuwa wakweli, na mtaalamu ndiye aliyekosea, kwa sababu mwaka 1981 duma wa madoa ya kawaida, waliofugwa Afrika Kusini, walizaa mtoto wa namna hiyo. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba ni hitilafu katika jeni moja, jeni ile ile inayompa paka wa nyumbani mabaka. Kwa hiyo mtu akiniambia palikuwa na chui au simba wa rangi isiyo ya kawaida huko kusini, nitamsogezea kiti. Bernard Heuvelmans, aliyeandika vitabu juu ya wanyama wasiothibitishwa, alikwenda njia hiyo kidogo, akamfikiria yule paka wa dhahabu wa misitu ya Kongo, ambaye kweli hutokea wa kijivu na wa hudhurungi. Taabu ni kwamba paka huyo hafiki kilo ishirini, na ukubwa wa punda yeye ataufikia lini?

Najua pia kuna watakaonitupia silikanti. Kila mtu wa Tanga anaitupa hiyo. Samaki aliyedhaniwa ametoweka zama za kale, akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na kwetu wavuvi wakaanza kumtoa kwa makumi baada ya 2003, hadi tukapewa hifadhi yake ya bahari mwaka 2009. Wanasema, kama silikanti yupo, mngwa atashindwa nini? Mimi huwajibu kwamba silikanti ni shahidi wangu, si wenu. Anakaa gizani, mapangoni, pima nyingi chini ya maji ambako hakuna mtu aliyewahi kujenga, na bado jarife limemleta ufukweni, akalazwa mchangani, watu wakamgusa magamba. Mngwa anakaa nchi kavu, kwenye mihogo na mikorosho ya watu, anakula askari sokoni. Karne nzima hajagongwa na basi, hajanasa kwenye kitanzi cha nguruwe, hajaacha hata fuvu.

Kuhusu bata wa jirani, tulitega. Boksi la mbao, mlango wa kuanguka, utumbo wa samaki ndani. Usiku wa tatu mlango ukalia. Tulikwenda na tochi mbili na panga, watu kama kumi nyuma yetu, na kabla hatujafika tulisikia harufu, kali, ya miski iliyochacha. Ndani fungo mkubwa, kijivu, madoadoa na mistari myeusi, uso kama amevaa miwani, anatutazama bila hata kukoroma. Nywele za sengenge nilikuwa nimezitunza ndani ya kile kiberiti. Nikazitoa nikazilinganisha kwa tochi: zile zile.

Mama yake jirani alisaidiwa akaletwa kwa kigoda. Akainama, akatazama muda mrefu, tukawa kimya wote.

"Huyu siye," akasema.

Fungo tulimpeleka mbali, ng'ambo ya minazi, tukamwachia. Bata hawakupotea tena. Bibi banda lake analifunga kwa kufuli mbili mpaka leo.

Msomaji wenu, Mwambani, Tanga