Jibu: Baba aliyemtelekeza mtoto anaweza kuondolewa haki ya mzazi?

Dada wa Tukuyu, umeuliza kama mahakama inaweza kumvua ubaba mtalaka wako aliyehamia Tunduma bila kutoa matunzo, na ambaye sasa anatishia kumchukua mtoto wa miaka minne. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya.

Kupewa uangalizi wa mtoto hakumwondolei mwenzako ubaba: anabaki na wajibu wa matunzo, na anaweza kuomba ruhusa ya kumtembelea. Kinachokata kabisa haki na wajibu wa mzazi ni amri ya kuasili (mtoto kufanywa kisheria mtoto wa mtu mwingine), ambayo hutolewa na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009; huko mahakama inaweza hata kuamua kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtelekeza mtoto. Sidhani kama unahitaji kufika huko.

Wewe omba uangalizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inatanguliza ustawi wa mtoto na kuchukulia kwamba aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, ingawa baba anaruhusiwa kuthibitisha vinginevyo (na wengine hujaribu, hasa wakisikia habari ya matunzo). Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, hati ya talaka na jumbe za simu ulizomwomba matumizi asijibu, usizifute.